Nicholas Black Elk, Mcheza Ngoma na Katekista

Iko picha iliyopigwa London mwaka 1887, ambayo wengi wameiona vitabuni wasijue ni ya nani. Vijana wawili wa Walakota, wenyeji wa asili wa Marekani, wamevaa vazi la ngoma yao ya nyasi, ngoma ya mashujaa ambayo wachezaji wake hujifunga njuga miguuni na kujipamba kwa manyoya. Mmojawapo ni Black Elk, yaani Kulungu Mweusi. Maisha yake yatufaa kuyajua.

Alizaliwa mnamo mwaka 1863 katika ukoo wa waganga, naye Crazy Horse, yule jemadari mashuhuri, alikuwa ndugu yake. Alipokuwa mtoto wa miaka tisa alishikwa na ugonjwa, akaona njozi kubwa asiyoisahau hata kufa. Mwaka 1876 alikuwapo Little Bighorn, siku Walakota na wenzao walipowashinda askari wa Custer.

Mwaka 1886 alijiunga na kundi la Buffalo Bill, akavuka bahari, akacheza mbele ya Malkia Victoria. Hapa tusipite upesi. Tangu mwaka 1883 serikali ya Marekani ilikuwa imewakataza Walakota Ngoma ya Jua, iliyo ibada yao kuu, na aliyekaidi aliweza kunyimwa posho au kutiwa kifungoni. Kumbe ngoma nyingine za watu wale wale ziliuzwa kwa tiketi ng'ambo! Meli ya kundi ilipoondoka Uingereza mwaka 1888, Black Elk aliachwa Manchester. Hakurejea kwao ila mwaka 1889. Mwaka uliofuata, tarehe 29 Desemba, askari waliwaua Walakota zaidi ya 250 huko Wounded Knee, wake kwa waume na watoto. Yeye mwenyewe alijeruhiwa katika mapigano yaliyofuata.

Kwa miaka mingi alifanya uganga. Ndipo mwaka 1904, tarehe 6 Desemba, sikukuu ya Mtakatifu Nikolasi, alibatizwa katika Misioni ya Rozari Takatifu ya Mapadre Wayesuiti, Pine Ridge, akapewa jina la mtakatifu wa siku hiyo.

Tangu hapo alikuwa katekista. Jamaa zetu waijuao kazi ya katekista wa kigango hawahitaji maelezo marefu: kusafiri mbali, kuongoza sala Jumapili padre asipokuwapo, kukesha na wagonjwa, kuzika wafu. Macho yake yalikuwa mabovu, lakini Maandiko aliyashika kwa moyo, akayafafanua kwa Kilakota. Alifundisha kwa karatasi ndefu yenye michoro ya Njia Mbili, ile iendayo mbinguni na ile ya upotevu. Husemwa kwamba watu zaidi ya 400 walipata ubatizo kwa juhudi yake. Ipo na picha ya siku hizo: amevaa koti, rozari mkononi, akimfundisha binti yake Lucy.

Mwaka 1932 mshairi John Neihardt alitoa kitabu cha maisha yake, kikakoma Wounded Knee. Ukatekista wa miaka mingi haukutajwa. Mapadre walihuzunika, naye mwaka 1934 akatoa tamko kwamba yu Mkatoliki. Hata hivyo, katika miaka hiyo hiyo ya 1930 alivaa tena manyoya wakati wa kiangazi, akiwaonyesha watalii wa Black Hills ibada za wazee wake. Wako wanaoichukua picha ya London na kuiacha ile ya rozari. Wako wafanyao kinyume. Sisi twaona kwamba wote wawili wanamkata mtu vipande. Walakota wenyewe hata leo hawajakubaliana juu ya jambo hili, na si ajabu, kwa maana walionyang'anywa ngoma zao hawawezi kulizungumza kama wageni.

Alifariki huko Manderson tarehe 19 Agosti 1950, akazikwa katika makaburi ya Kanisa la Mtakatifu Agnes. Mwaka 2016 mlima mrefu kuliko yote ya South Dakota, ule aliouona katika njozi yake, ulipewa jina lake. Mwaka uliofuata Jimbo la Rapid City lilifungua rasmi kesi ya kumwombea atangazwe mtakatifu.