Abu Ma'shar: adui wa wanajimu mwenye alikuja kuwa mkubwa wao

Watu wengi wanajua buruji 12: Kondoo, Ng'ombe, Mapasa, Kaa, Simba na zingine. Wachache njo wanajua kama wazee wa zamani waligawanya tena kila buruji mara tatu, wakapata vipande 36, na kila kipande wakakipatia sura yake ya mtu ao ya mnyama. Mtu mwenye alikusanya zile sura katika kitabu kimoja, mbele zipotee, ni Ja'far ibn Muhammad al-Balkhi, mwenye dunia inamjua kwa jina la Abu Ma'shar. Alianza maisha yake akiwa mpinzani mkali wa elimu ya namna hiyo.

Alitoka Balkh, muji wa kale wenye leo uko kaskazini mwa Afghanistan. Mwaka wa kuzaliwa kwake unahesabiwa kuwa 787. Balkh ilikuwa njia panda: Wagiriki walipita pale, Wahindi pia, Wafarsi wenye kuheshimu moto, Wabuda, kisha Waislamu. Mtoto wa muji kama ule anasikia mapema kama kila taifa lina hesabu yake ya mbingu.

Lakini yeye hakuanza na mbingu. Akiwa Baghdad alikuwa mwanafunzi wa hadithi za Mtume, na alikuwa mkali kabisa. Wakati ule aliishi Baghdad msomi mukubwa, al-Kindi, mwenye alifundisha falsafa ya Wagiriki. Abu Ma'shar hakuweza kumvumilia. Alimsema vibaya mbele ya watu wa kawaida, akawachochea wamchukie. Al-Kindi hakurudisha ubaya. Inasimuliwa kama alimtuma mtu kwa siri amwonyeshe Abu Ma'shar utamu wa hesabu na jometri. Kijana akaonja, akapenda, lakini jometri ikamshinda katikati ya njia. Akageukia unajimu. Hapo njo ugomvi uliisha, juu unajimu ni binti wa elimu ile ile yenye al-Kindi alikuwa anaifundisha. Neno « kijana » hapa ni la heshima tu: wanasema alikuwa na miaka 47.

Kuna habari ingine juu ya kugeuka kwake. Alikuwa safarini kwenda kuhiji Makka, akasikia juu ya nyumba kubwa ya vitabu ya bwana mmoja tajiri, Ali ibn Yahya. Akaingia kuangalia kidogo, akasoma, akabaki pale. Hija ikasahaulika. Wenye walisimulia habari hiyo hawakuisimulia kwa kumsifu.

Karibu mwaka wa 848 aliandika kitabu chake kikubwa, chenye Waarabu wanaita al-Mudkhal al-Kabir, maana yake Utangulizi Mkubwa. Ndani yake mna sehemu nane. Anaanza kwa kutetea unajimu kwa sababu za kimaumbile, na anaeleza kwa urefu namna maji ya bahari yanapanda na kushuka kufuatana na mwezi. Kwake huo ulikuwa ushahidi: kama mwezi unavuta bahari nzima, kwa nini nyota zisiguse mwili wa mtu? Hoja hiyo ina shimo kubwa, juu kuvuta maji si sawa na kupanga ndoa ya mtu, lakini maelezo yake ya bahari yalisomwa Ulaya kwa miaka mingi.

Kisha anafika kwenye mgawanyo wa buruji. Kila buruji ina digrii 30, basi ukigawanya kwa tatu unapata vipande vya digrii 10. Waarabu walikiita kila kipande « uso ». Desturi hiyo ilianza Afrika: Wamisri, zaidi ya miaka 2000 mbele ya Yesu, walikuwa na makundi 36 ya nyota, wakahesabu saa za usiku kwa kuangalia kundi gani linachomoza. Kila siku kumi kundi jipya linaonekana alfajiri. 36 mara 10 ni 360, wakaongeza siku tano mwaka ukamilike. Kwa Wamisri ilikuwa saa na kalenda. Baadaye, mikononi mwa Wagiriki, ikawa chombo cha kusoma maisha ya mtu.

Namna gani wanakisoma? Mnajimu anatafuta digrii yenye ilikuwa inachomoza mashariki wakati mtoto alizaliwa. Mbingu inazunguka digrii moja kila dakika nne, kwa wastani. Buruji nzima inachukua karibu saa mbili kupanda, uso mmoja unachukua dakika 40 hivi. Sasa chukua mapasa wenye walizaliwa mmoja nyuma ya mwingine kwa dakika 15. Buruji yao ni moja, pengine hata uso ni moja, lakini maisha yao hayafanani. Swali hilo liliwasumbua wanajimu tangu zamani. Jibu lao lilikuwa kukata tena. Wahindi walikata buruji mara tisa: kila kipande dakika 13 hivi. Wengine wakakata mara 12: kila kipande dakika 10. Abu Ma'shar aliandika mikato hiyo yote.

Lakini hapo njo kuna mtego. Kadiri unakata ndogo, njo unahitaji kujua saa ya kuzaliwa sawasawa. Katika karne ya 9 walikuwa na astrolabu na saa za maji, na mama mwenye uchungu hakumngoja mtu apime nyota. Mukunga akikosea kwa dakika kumi tu, kipande kidogo kinabadilika na hukumu yote pamoja naye. Njo maana wanajimu wa Kiarabu wenyewe waliupa uso nguvu ya mwisho: sayari ikiwa katika nyumba yake ilipata alama tano, ikiwa katika uso wake ilipata moja tu. Uso uliongeza rangi kwa hukumu, haukupaswa kuivunja.

Tatizo lingine ni la mabwana. Kila uso una sayari yenye kuutawala, na mataifa hayakukubaliana. Kwa desturi moja, Kondoo anaanza na Mirihi, kisha Jua, kisha Zuhura, na sayari saba zinaendelea kwa zamu mpaka uso wa 36, wenye unarudi kwa Mirihi. Wahindi wanahesabu kwa njia yao: Mirihi, Jua, kisha Mushtari. Basi mtu wa digrii ya 25 ya Kondoo, kwa mmoja ni wa Zuhura, kwa mwingine ni wa Mushtari. Kwa sura pia, Abu Ma'shar aliandika za Wafarsi, za Wahindi na za Wagiriki, moja kando ya nyingine, bila kuzilazimisha kukubaliana. Mwenye anatafuta jibu moja la hakika atasikitika. Lakini bila ule uvumilivu wake, mengi ya mapokeo hayo yangepotea.

Katika uso wa kwanza wa Bikira, kwa mfano, aliandika juu ya msichana mwenye kushika masuke na kunyonyesha mtoto, na akaongeza kama kuna taifa lenye linamwita mtoto yule Isa. Wasomi Wakristo wa Ulaya walipolisoma walishtuka kwa furaha. Roger Bacon alikuwa mmoja wao.

Elimu hiyo haikumlinda. Khalifa al-Musta'in, mwenye alitawala tangu 862 mpaka 866, aliamuru apigwe fimbo. Kosa lake? Alitabiri jambo na likatokea. Yeye mwenyewe alibaki kulalamika kama alipata sawa na akapata adhabu. Mbele ya wakubwa, kukosea kulikuwa hatari na kupatia kulikuwa hatari vilevile. Alikufa Wasit, mwaka wa 886, mzee wa karibu miaka mia.

Baada ya kifo chake sifa na lawama zilikwenda pamoja. Al-Biruni, mtaalamu mwenye hesabu kali kumpita, alimkosoa bila huruma. Wengine walisema aliiba kazi za watu. Tena kuna vitabu vidogo vya kuhesabu nyota ya mtu kwa herufi za jina lake na la mama yake, vyenye vinauzwa kwa jina la Abu Ma'shar mpaka leo katika inchi za Kiarabu. Wenye kuuza wanajua jina linavuta wanunuzi.

Utangulizi Mkubwa ulitafsiriwa kwa Kilatini mara mbili katika karne ya 12, na Ulaya ikamwita Albumasar. Karibu mwaka wa 1470, katika muji wa Ferrara, Italia, mtawala Borso d'Este alichorewa miezi 12 kwenye kuta za jumba la Schifanoia. Katika mstari wa katikati wa kila mwezi kuna buruji na watu watatu wa ajabu kandokando yake. Baadaye kuta zikapakwa chokaa, zikafunuliwa katika karne ya 19, na hakuna mwenye aliweza kusema watu wale ni nani.

Mwaka wa 1903 Mjerumani Franz Boll alichapisha kitabu chenye ile sura ya Abu Ma'shar juu ya nyuso 36. Mjerumani mwingine, Aby Warburg, akaisoma, na katika mwaka wa 1912, mbele ya mkutano wa wasomi Roma, akaeleza picha zile moja kwa moja. Mtu wa kwanza wa mwezi wa tatu, kando ya Kondoo, ni mtu mweusi mwenye macho ya hasira, amevaa nguo nyeupe iliyochakaa, amejifunga kamba kiunoni. Ni uso wa kwanza wa Kondoo kwa hesabu ya Wahindi, wenye Abu Ma'shar aliuandika Baghdad. Ni miezi saba tu yenye ilibaki kuonekana kwenye kuta zile, na wa tatu ni mmoja wao. Yule mtu mweusi angali amesimama pale.