Joginder Singh: Fundi aliyeshinda Safari kwa gari kuukuu

Volvo iliyopewa nambari moja katika mashindano ya Safari ya mwaka 1965 haikuwa mpya. Kiwanda kilikuwa kimeileta Afrika Mashariki mwaka mmoja kabla, kikaambulia patupu, na gari likaachwa Kenya. Joginder Singh akalinunua, akalitengeneza upya. Fundi yeyote wa Kitale au Bungoma aliyewahi kufufua pikipiki ya kale anaijua kazi hiyo: nati huijua kwa kidole kabla ya kuiona kwa jicho.

Joginder, mzaliwa wa Kericho mwaka 1932, alijifunza ufundi katika gereji ya babake. Akiwa na nduguye Jaswant, alivuka vumbi na matope, akawa mtu wa kwanza asiye Mzungu kushinda Safari, hata miaka miwili ya Uhuru haijatimia. Kwa taifa changa, ushindi huo ulipita thamani ya kikombe.

Alishinda tena mwaka 1974, Mitsubishi Lancer yake ndogo ikiiacha Porsche nyuma, na kwa mara ya tatu mwaka 1976. Mashabiki wakamwita Simba.

Hata hivyo, pengine kipimo chake bora ni kingine. Mwaka 1968, kati ya magari zaidi ya 90 yaliyoanza, saba tu ndiyo yaliyofika mwisho. Joginder alishiriki Safari 22, akamaliza 19.

Alifariki London mnamo Oktoba 2013, akiwa na umri wa miaka 81.