Joseph Merrick: aliyekimbiwa na watu hadi alipopewa mkono

Joseph Carey Merrick alizaliwa mjini Leicester, Uingereza, tarehe 5 Agosti 1862. Uvimbe ulianza kumtoka angali mtoto mdogo, ukazidi mwaka hata mwaka, mpaka kichwa, mkono wa kulia na miguu vikapoteza umbo lake. Jamaa zake waliamini kwamba mama yake, alipokuwa mjamzito, aliangushwa na tembo katika maonyesho ya wanyama, na hofu ile ikamwingia mtoto tumboni. Imani za namna hiyo si ngeni kwetu.

Mama huyo alifariki mwaka 1873, Joseph akiwa na miaka 10, na pamoja naye ukaondoka upendo wote nyumbani. Baba alioa tena. Kijana alifanya kazi ya kusokota sigara hadi mkono ulipomwia mzito, kisha akatembeza bidhaa ndogondogo mlango kwa mlango. Wenye nyumba walipomwona walifunga. Alirudi mikono mitupu, akapigwa. Kwa muda alipokewa na baba yake mdogo, kinyozi Charles Merrick, lakini mwishoni mwa mwaka 1879 aliingia katika nyumba ya maskini.

Mwaka 1884 yeye mwenyewe aliwatafuta watu wa maonyesho ili apate riziki. Hivyo akajikuta London, katika duka lililokodiwa na Tom Norman, akitazamwa kwa kiingilio kwa jina la Mtu Tembo. Ng'ambo ya barabara ilikuwapo Hospitali ya London, na daktari wa upasuaji, Frederick Treves, akamchukua na kumwonyesha mbele ya madaktari wenzake. Norman alikuja kusimulia kwamba Merrick alikuwa na mgawo wake katika mapato. Ukweli ni kwamba kote kuwili alikuwa kitu cha kutazamwa, na Treves alidhani kuwa ni mtu asiye na akili.

Polisi walipofunga maonyesho, alipelekwa bara Ulaya. Huko alinyang'anywa akiba yake, ipatayo pauni 50, akatelekezwa. Juni 1886 alifika stesheni ya Liverpool Street akiwa hoi, umati umemzunguka, hawezi kusema likaeleweka. Mkononi alikuwa na kadi ya Treves.

Kanuni za hospitali hazikuruhusu kuwaweka wagonjwa wasiotibika. Mwenyekiti wake, Francis Carr Gomm, aliandika gazetini Desemba mwaka huo akieleza hali ilivyo, na michango ya wananchi ikatosha kumtunza maisha yake yote. Akapewa vyumba vyake, navyo havikutiwa kioo.

Treves aligundua, baada ya kuzoea usemi wake, kwamba mgonjwa wake alikuwa msomaji mwenye moyo mpole. Akamwomba mjane kijana, Leila Maturin, aingie chumbani, atabasamu na kumpa mkono. Bibi huyo alifanya hivyo. Merrick aliinamisha kichwa magotini, akalia kwa muda mrefu. Treves aliona kwamba tangu siku ile woga ulianza kumtoka. Wageni waliongezeka; mwaka 1887 alikuja Alexandra, mke wa mrithi wa kiti cha enzi, ambaye baadaye alimpelekea kadi za Krismasi. Merrick alitazama mchezo katika ukumbi wa Drury Lane, akiwa amefichwa nyuma ya wauguzi, na akapumzika mashambani Northamptonshire akichuma maua ya porini. Kwa mkono wake wa kushoto, uliokuwa mzima, alijenga makanisa ya kadibodi.

Kwa uzito wa kichwa, alilazimika kulala ameketi. Tarehe 11 Aprili 1890, akiwa na miaka 27, alikutwa amefariki, amelala chali kitandani. Treves aliamini kwamba alikuwa amejaribu kulala kama watu wengine. Kanisa lake moja la kadibodi limehifadhiwa hadi leo.