Alfréd Hajós, baharia wa Budapest

Alfréd Hajós alizaliwa Budapest, nchini Hungaria, tarehe 1 Februari 1878. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa Arnold Guttmann. Alipokuwa na miaka 13, baba yake alizama na kufa katika mto Danube, unaoupasua mji huo katikati. Mtoto hakuukimbia mto. Aliamua kujua kuogelea, tena vizuri.

Alipoingia kwenye mashindano alijiita Hajós. Sisi wanafunzi wa isimu tunaweza kulichambua jina hilo. Katika Kihungari, hajó ni chombo cha majini, na kiambishi tamati -s hufanya kazi inayokaribia ile ya -enye katika Kiswahili. Hajós basi ni mwenye chombo, yaani baharia. Zama zile familia nyingi za Kiyahudi nchini humo, kama yake, zilikuwa zikiacha majina ya Kijerumani na kuchukua ya Kihungari. Lakini kwa yatima wa Danube jina hilo lilikuwa na uzito zaidi: lilimtaja mtu apitaye juu ya maji bila kuzama.

Mwaka 1896, akiwa mwanafunzi wa usanifu majengo mwenye miaka 18, alikwenda kwenye Olimpiki ya Athens. Bwawa halikuwepo. Waogeleaji walipelekwa baharini kwa mashua, karibu na Piraeus, kisha wakaachwa warudi pwani kwa nguvu zao. Maji yalikuwa baridi na mawimbi makubwa. Hajós alijipaka mafuta mwili mzima, akashinda mita 100, na siku hiyo hiyo akashinda mita 1200. Baadaye alikiri kwamba katika mbio ndefu aliwaza zaidi kuokoa maisha yake kuliko kushinda. Inasimuliwa kwamba aliporudi chuoni, mkuu wa kitivo hakujali medali zake, bali alitaka kusikia majibu yake ya mtihani.

Alihitimu, akafanya kazi kwa wasanifu mashuhuri Ignác Alpár na Ödön Lechner. Mwaka 1924, katika mashindano ya sanaa ya Olimpiki ya Paris, yeye na Dezső Lauber walipata medali ya fedha kwa mchoro wa uwanja wa michezo. Ya dhahabu hakupewa mtu.

Vitabu vya michezo humkumbuka kwa Athens. Mimi naona kazi yake kuu ni ya mwaka 1930: bwawa la kuogelea lenye paa, alilolisanifu kwenye kisiwa cha Margit, katikati ya Danube. Yeye aliyeshindana akihofia kufa aliwajengea wengine mahali ambapo maji yana kuta, kina kinachojulikana na ukingo wa kushika.

Hajós alifariki Budapest tarehe 12 Novemba 1955. Bwawa hilo sasa linaitwa kwa jina lake, si lile la kuzaliwa, bali lile la baharia alilojichagulia.