Grace Hopper, mwanamaji aliyeifunza kompyuta kutafsiri

ALIPOKAMILISHA kompaila yake ya kwanza mnamo 1952, Grace Hopper hakushangiliwa. Wengi wa wenzake walishikilia kuwa kazi ya kompyuta ni hesabu tu, na kwamba programu sharti ziandikwe na binadamu.

Mwanahisabati huyo, aliyezaliwa New York mnamo Desemba 9, 1906, aliacha kufundisha katika chuo cha Vassar na kujiunga na jeshi la wanamaji la Marekani mwaka wa 1943. Alipelekwa Harvard kuhudumia kompyuta ya Mark I.

Enzi hizo kila aina ya kompyuta ilielewa maagizo yake pekee. Aliyenunua mashine mpya alilazimika kuandikiwa programu zake zote upya, gharama ambayo hata serikali iliihisi. Kompaila, inayoyajua maagizo ya mashine yake, ndiyo ingebeba mzigo huo.

Lugha yake ya FLOW-MATIC ilichangia pakubwa kuzaliwa kwa COBOL. Desemba 1960, programu ya COBOL ilifanya kazi, karibu bila kubadilishwa, katika kompyuta za kampuni mbili hasimu, RCA na Remington Rand.

Hata hivyo, kompaila za kampuni mbalimbali ziliendelea kutofautiana. Jeshi lililomstaafisha 1966 lilimrejesha mwaka uliofuata ili azisawazishe. Tatizo lenyewe halijaisha: siku hizi prosesa moja huweza kuwa na viini vya uwezo tofauti, na kompaila ikichunguza kimoja tu, programu yaweza kukwama kwenye kingine.

Hopper alistaafu 1986 akiwa admirali wa miaka 79. Alifariki Januari 1, 1992 na kuzikwa Arlington.