Robert Koch: Daktari Aliyesahihisha Jibu Lake

Mtahiniwa, kabla ya kusoma maisha ya Robert Koch, anza na zizi moja la kufikirika pale Laela, kwenye uwanda wa juu wa Ufipa. Mvua za kwanza zimenyesha, majani yamechipua, na jembe la kukokotwa na ng'ombe limeshatolewa nje. Mwenye zizi ana maksai wawili tu. Asubuhi hii mmoja amesimama pembeni na hataki kula. Masikio yamelala, tezi iliyo chini ya sikio imevimba, na pumzi inamtoka kwa shida. Maksai huyo akifa, shamba litalimwa kwa jembe la mkono na sehemu kubwa itabaki pori. Mtoto wa nyumba hiyo, aliye kidato kimoja na wewe, anajua kwamba mahindi ya shamba hilo ndiyo yanayomnunulia madaftari na sare.

Bwana mifugo akifika hupima joto la mnyama, huchoma sindano kwenye ile tezi iliyovimba, hupaka majimaji yake kwenye kioo, hutia rangi, kisha huangalia kwa hadubini. Anatafuta vitu vidogo vya rangi ya buluu ndani ya chembe nyeupe za damu. Akiviona, anajua kwamba ugonjwa ni ndigana kali. Vitu hivyo huitwa miili ya Koch. Jina la Mjerumani aliyefariki mwaka 1910 limefikaje kwenye ugonjwa wa ng'ombe wa Ufipa? Soma maisha yake, na uangalie hasa mahali alipokosea.

Kuzaliwa na elimu

Robert Koch alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843 katika mji wa Clausthal, Ujerumani, mji wa wachimba madini. Baba yake alifanya kazi katika uongozi wa migodi. Koch alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Göttingen na kuhitimu mwaka 1866. Vita kati ya Wajerumani na Ufaransa vilipozuka mwaka 1870, alihudumu kama daktari wa majeruhi. Mwaka 1872 akawa daktari wa wilaya mjini Wollstein, mji mdogo ambao leo uko Poland. Hakuwa na maabara. Alikuwa na chumba cha kutibia wagonjwa, hadubini na subira.

Kazi ya kwanza: kimeta

Utafiti uliomtoa Koch gizani ulihusu mifugo. Wafugaji wa Wollstein walikuwa wakipoteza kondoo na ng'ombe kwa kimeta. Wataalamu waliomtangulia walishaona vijiti vidogo katika damu ya wanyama waliokufa, lakini swali moja lilibaki bila jibu: kwa nini mnyama mzima augue katika malisho ambayo hayajaona mnyama mgonjwa kwa miaka?

Koch aliwaambukiza panya damu ya wanyama waliokufa, kisha akaviotesha vile vijiti katika majimaji ya jicho la ng'ombe. Aliona vikirefuka na hatimaye kutengeneza mbegu ngumu, yaani spora. Spora hizo hustahimili ukavu na hukaa udongoni miaka mingi. Mwaka 1876 alitangaza matokeo yake, na hapo ikathibitika kwamba kiumbe mmoja maalumu husababisha ugonjwa mmoja maalumu. Ndiyo maana mpaka leo mfugaji huambiwa asipasue mzoga wa mnyama anayeshukiwa kufa kwa kimeta. Ukiupasua, bakteria hupata hewa, hutengeneza spora, na malisho yako yanakuwa ya hatari.

Mwaka 1880 alihamia Berlin. Tarehe 24 Machi 1882 alitangaza kwamba amegundua bakteria wa kifua kikuu. Miaka miwili baadaye alitoa taarifa za bakteria wa kipindupindu baada ya kufanya utafiti Misri na India. Jina lake likajulikana duniani kote.

Sotoka na safari ya Afrika

Mwishoni mwa miaka ya 1880 sotoka iliingia Pembe ya Afrika, na katika miaka ya 1890 ikashuka kusini. Iliua ng'ombe, nyati na wanyama wengine wenye kwato. Njia yake kuelekea kusini ilipita nyanda zilizo kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Nyasa, na Ufipa imo katika nyanda hizo. Mwaka 1896 ugonjwa ulivuka mto Zambezi. Serikali ya Koloni la Rasi ilimwita Koch, naye akafanya kazi Kimberley hadi mapema mwaka 1897. Alionesha kwamba nyongo ya ng'ombe aliyekufa kwa sotoka, ikichomwa kwa ng'ombe mzima, inaweza kumkinga.

Kosa la Dar es Salaam

Mwaka huohuo wa 1897, baada ya kupita India, Koch alifika Dar es Salaam, wakati huo makao makuu ya Afrika Mashariki ya Kijerumani. Alikuta tatizo la ajabu. Ng'ombe wa pwani walikuwa na afya, lakini ng'ombe walioletwa pwani kutoka bara waliugua na kufa.

Koch alipima damu yao akaona vimelea vya aina mbili. Baadhi vilikuwa vikubwa, vya umbo la pea. Vingine vilikuwa vidogo mno, vya umbo la pete au kijiti. Vile vikubwa alivijua: vilikuwa vya mkojo damu, ugonjwa unaoenezwa na kupe ambao watafiti wa Marekani, Theobald Smith na Frederick Kilborne, walikuwa wameueleza mwaka 1893. Kuhusu vile vidogo, Koch aliamua kwamba ni vilevile, ila bado vichanga. Kwa hiyo akasema ugonjwa ni mmoja.

Zingatia: hapa ndipo penye kosa. Ng'ombe wale walikuwa na magonjwa mawili kwa pamoja. Koch aliona sawasawa, lakini alitafsiri vibaya alichokiona. Na kwa kuwa yeye alikuwa bingwa wa dunia, wataalamu wengine waliichukua tafsiri hiyo kama ilivyo.

Bulawayo: kurudia swali

Mwaka 1901 ng'ombe kutoka pwani ya Afrika Mashariki walishushwa katika bandari ya Beira. Baadaye ng'ombe wapatao 1,000 kutoka Australia walipita bandarini hapo na kupelekwa Umtali, ambako karibu wote walikufa. Kisha ugonjwa ukafuata barabara za magari ya kukokotwa na maksai, ukaenea Rhodesia. Madaktari wa mifugo wa huko waliona vimelea vidogo kwenye damu, wakasoma maelezo ya Koch, wakasema ni mkojo damu mkali. Lakini kinga iliyojulikana kwa mkojo damu haikusaidia. Hata ng'ombe waliokwisha kupona mkojo damu walikufa.

Koch aliitwa tena, akafika Bulawayo mwaka 1903. Safari hii alifuata ng'ombe wenyewe: wametoka wapi, wameugua lini, wamechanganyika na nani, na ni wapi waliosalimika. Ndiyo kazi ya taaluma ya epidemiolojia. Jibu likabadilika. Ugonjwa wa Bulawayo ulikuwa ugonjwa wa peke yake, na ndio huohuo aliouona Dar es Salaam miaka sita nyuma akauita kwa jina lisilo lake. Aliupa jina la homa ya pwani ya Afrika. Aliueleza pia ule mwili wa buluu unaoonekana kwenye tezi na wengu, ambao leo unabeba jina lake.

Walichoongeza wengine

Usiandike kwamba Koch alimaliza kazi yote. Njia yake ya kukinga ng'ombe kwa kuwachoma damu ya waliopona ilishindwa. Mwaka 1904 Charles Lounsbury, mtaalamu wa wadudu huko Afrika Kusini, alithibitisha kwamba kupe wa masikio mwenye rangi ya kahawia ndiye anayeeneza ugonjwa. Arnold Theiler, daktari wa mifugo mzaliwa wa Uswisi, alikieleza kimelea hicho, na ndiyo sababu kinaitwa Theileria parva.

Wawili hao walionesha jambo lenye faida kubwa kwa mfugaji. Kupe huyu hutumia wanyama watatu katika maisha yake, na hapitishi kimelea hiki kwa mayai yake. Kwa hiyo ukiogesha ng'ombe mara kwa mara kwenye josho, au ukiacha malisho bila ng'ombe kwa takriban miezi 15, mnyororo wa maambukizi unakatika.

Miaka ya mwisho

Koch alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1905 kwa kazi yake ya kifua kikuu. Mwaka 1906 na 1907 alifanya utafiti wa malale katika visiwa vya Sese, Ziwa Victoria. Dawa aliyoitumia, atoksili, iliwapofusha baadhi ya wagonjwa. Kumbuka pia kwamba alikuja Afrika kwa kuitwa na serikali za kikoloni, na watu aliowatibu hawakuwa na sauti katika serikali hizo. Huko Ulaya, mwaka 1890, aliwahi kutangaza tuberkulini kuwa dawa ya kifua kikuu. Haikuponya, ingawa baadaye ilifaa kupimia ng'ombe wenye ugonjwa huo. Alifariki tarehe 27 Mei 1910 mjini Baden-Baden.

Ukiulizwa umtathmini, toa pande zote mbili. Alikuwa na sifa ya kutosha kulilinda jibu lake la Dar es Salaam hadi kufa. Alipoona ng'ombe wanazidi kufa kwa ugonjwa ambao jibu hilo halikuueleza, aliliacha.

Rudi Laela

Sasa mrudie yule maksai. Kosa la Dar es Salaam bado linaweza kufanyika zizini: homa ni homa, na kupe ni kupe. Lakini dawa ya mkojo damu haitibu ndigana kali. Mkojo mwekundu unaelekeza kwenye mkojo damu. Tezi zilizovimba na pumzi nzito zinaelekeza kwenye ndigana kali. Mnyama mmoja anaweza kuwa na yote mawili, ndiyo maana bwana mifugo hategemei macho peke yake. Ndigana kali ikigunduliwa mapema ina dawa, nayo ni buparvakwoni. Ipo pia chanjo iliyotokana na utafiti wa Muguga, Kenya: ng'ombe huchomwa vimelea hai pamoja na dawa ya oksitetrasaiklini siku hiyohiyo, akapata kinga.

Mwenye zizi anayemwita bwana mifugo siku ya kwanza ana nafasi ya kuendelea kulima. Anayenunua dawa kwa kubahatisha anaweza kupoteza fedha na maksai pia.

Maswali ya marudio

1. Eleza kwa nini mzoga wa mnyama anayeshukiwa kufa kwa kimeta haupaswi kupasuliwa.
2. Koch aliona nini katika damu ya ng'ombe wa Dar es Salaam mwaka 1897, na alikosea wapi?
3. Taja tofauti kati ya kisababishi cha ndigana kali na msambazaji wake.
4. Kwa kutumia hoja nne, eleza jinsi kupotea kwa maksai mmoja kunavyoathiri kaya ya mkulima wa Ufipa.
5. Fupisha sehemu yenye kichwa cha Bulawayo kwa maneno yasiyozidi 60.