William Whewell na Neno Lililokataliwa

William Whewell, mwana wa seremala, alizaliwa Lancaster, Uingereza, mwaka 1794. Alisoma katika Chuo cha Trinity, Cambridge, akakiongoza tangu 1841 hadi alipofariki mwaka 1866 baada ya kuanguka kutoka juu ya farasi. Aliandika mengi, lakini katika sarufi hukumbukwa zaidi kwa neno moja.

Katika mkutano wa wataalamu uliofanyika Cambridge mwaka 1833, ilibainika kwamba wachunguzi wa maumbile hawakuwa na jina la kuwajumuisha wote. Jina la mwanafalsafa lilionekana kuwa kubwa mno kwao. Whewell alitumia mlinganisho: ikiwa kutokana na art, yaani sanaa, Waingereza walikuwa wamepata artist, basi science ingeweza kuzaa scientist. Kanuni ilikuwa sahihi. Masikio ndiyo yaliyokataa. Neno hilo lilichapishwa mwaka 1834, naye akalipendekeza tena mwaka 1840 pamoja na physicist. Hata Michael Faraday, aliyekwisha kupokea kwake maneno anode na cathode, hakulipenda hilo la pili. Whewell alifariki wengi wakingali wanalikwepa neno scientist.

Kiswahili kilipita njia nyingine. Winda hutoa mwindaji, na soma hutoa msomaji, kwa kuwa ni vitenzi. Sayansi ni nomino. Hivyo ilifuata siasa, iliyotoa mwanasiasa, ikatoa mwanasayansi. Mwanafunzi anayeandika “msayansiji” ameishika kanuni ya -ji, ila ameipachika kwenye nomino.